Jina Langu Kwenye Ukurasa wa Kikohozi

Mjomba wangu hakupokea habari kavukavu. Ukimletea neno, hata liwe la heri, alikuuliza umelipata kwa nani, na huyo naye kalipata kwa nani, mpaka mfike kwa mtu aliyeona kwa macho yake au mkwame njiani. Siku moja, nikiwa bado shule ya msingi, enzi zile za kupanga foleni kwa kila kitu, nilikimbia nyumbani kumwambia kwamba sukari imefika.

“Nani kakwambia?”

“Rafiki yangu.”

“Naye?”

“Kaambiwa na mama yake.”

“Mama yake kaiona?”

“Hapana. Kamsikia utingo wa lori.”

Mjomba akakoroga uji wake. “Hiyo sukari dhaifu,” akasema, akaunywa hivyo hivyo. Kesho yake nusu ya kijiji ilitembea hadi barabara kuu na vifuko mkononi, ikarudi navyo vitupu.

Alikuwa mwadhini wa msikiti wetu, upande wa Mpapura, mkoani Mtwara, na mkulima wa korosho na mihogo kama kila mtu pale. Msomi hakuwa. Ila alikaa madrasa utotoni, na katika yote aliyofundishwa hili ndilo lililomganda: kwamba neno la Mtume halielei hewani, lina mnyororo wa watu waliolipokea, fulani kutoka kwa fulani, na mnyororo huo huitwa sanadi. Pete moja ikiwa mbovu, neno lote linashuka thamani. Kanuni hiyo ya wanazuoni yeye aliitumia kwa bei ya mihogo, kwa posa, kwa umbea wa kisimani. Mama yangu, ambaye ni dada yake, alisema kaka yake atamhoji hata malaika mtoa roho aonyeshe katumwa na nani.

Yeye ndiye aliyenilea. Baba alihamia ng’ambo ya Ruvuma kwa mke mwingine, na kwetu hilo halikumfanya mtu yeyote aniite yatima, kwa sababu mtoto ni wa wajomba. Mjomba alinilipia shule kwa korosho zake na akanitazama nikienda chuo cha uganga wa hospitali kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi.

Kama alikuwa na kiburi, kilikuwa cha pumzi. Adhana yake haikukatika. Aliitoa juu, akaishikilia, akaishusha pole pole, na wanawake waliokuwa mbali wakipalilia mihogo walisimama na majembe mkononi mpaka amalize. Kijiji cha jirani kiliponunua kipaza sauti, vijana wetu wakaanza kunong’ona kwamba na sisi tuchange. Mjomba aliwasikia. “Ntu mwenye pumzi anunue betri za nini?” akawauliza, na mchango ukafa palepale.

Chuoni nilimkuta mtu wa pili wa namna yake. Alikuwa daktari, mwalimu wetu wa magonjwa ya ndani, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Vitabu vya miongozo ya matibabu vilikuwa vimeanza kutufikia kwa maboksi, kila mradi na chake, na wenzangu walivikariri kama sura za Kurani. Yeye alikishika kitabu kama mnunuzi wa samaki anavyofunua mashavu kabla ya kutaja bei. Alituuliza: aliyeandika haya amewahi kumtibu mgonjwa kama wa kwenu? Wauguzi na waganga wa vijijini waliitwa mezani, au walipelekewa tu? Amri hii imetoka wapi, mbona haonyeshi? Nani kalipia karatasi, na huyo anauza nini? Mwongozo usiojibu, alisema, ni maoni ya mtu aliyevaa tai.

Nilicheka moyoni. Huyu ni mjomba, nikasema, isipokuwa kavaa koti jeupe. Nilimpenda kama anavyopendwa mzazi, na niliposomewa kituo changu cha kazi, zahanati ya kijiji jirani na kwetu, ndiye wa kwanza niliyekwenda kumuaga. Alinipa kipimo chake cha zamani cha kusikilizia moyo na kifua. Nilikitumia kwa miaka mingi.

Hicho ndicho nilichosikilizia vifua vya msimu wa salfa. Asiye wa kwetu nimwambie: mikorosho inapotoa maua huvamiwa na ukungu mweupe tunaouita ubwiri unga, na dawa yake ni salfa, unga wa njano unaopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye maua na upepo haujaamka, ili unga ushike. Upepo usipokuwepo, mpulizaji naye hutembea ndani ya wingu lake mwenyewe. Mjomba alikuwa anaadhini, anasali, anavua kanzu, anabeba mashine. Akirudi ana kope za njano kama kifaranga.

Miezi ile benchi langu lilijaa watu wazima waliobanwa vifua. Nilipowasikiliza nilisikia miluzi. Makohozi yao yalipelekwa hospitali yakarudi safi, antibayotiki niliwapa na haikusogeza kitu. Wengi hawakuwahi kuwa na pumu utotoni. Aliyeondoka shambani akapata na aminofilini kidogo, dawa ya kufungua kifua, alipumua, na aliyerudi kwenye salfa alirudi na kwangu. Nilitazama hivyo msimu baada ya msimu, mpaka nikawa na hakika.

Mjomba alikuwa mmoja wao. Adhana ilianza kumkatikia katikati, akasingizia mafua. Nilipomwambia aache mashine, nilijua kitakachofuata.

“Nani kasema ni salfa?”

“Mimi.”

“Umepokea kwa nani?”

“Sikupokea kwa mtu, mjomba. Nimeona.”

Kwa kanuni yake mwenyewe, aliyeona kwa macho ndiye mwisho wa mnyororo, nyuma yake hakuna wa kuulizwa. Aliagiza mashine apewe mwanawe mkubwa, ajifunge kitambaa usoni, na yeye abaki na palizi. Msimu huo ulipopita pumzi ilimrudia. Asubuhi moja aliitoa adhana ndefu kuliko kawaida, makusudi, na nilijua ananijibu mimi.

Basi mwishoni mwa miaka ya tisini mradi mmoja uliamua kuwaandikia waganga wa zahanati mwongozo wao wenyewe, na aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa mwalimu wangu. Tuliitwa semina Mtwara mjini. Nilivaa gauni la Idi. Zamu yangu ilipofika nikasimama nikaeleza salfa, vifua vinavyopiga miluzi bila homa, makohozi safi, watu wanaomezeshwa antibayotiki mpaka tumbo linachafuka, halafu wanarudishwa palepale kwenye vumbi.

Mwalimu alichukua chaki akaandika SALFA ubaoni, akapiga mstari chini yake. “Mnaona,” akawaambia wenzangu, “hivi ndivyo mwongozo unavyotakiwa kuandikwa. Unaanzia kwa anayemwona mgonjwa.” Wakapiga makofi. Jioni tulisaini karatasi ya mahudhurio ili tupewe nauli, tukanywa chai na sambusa, nikarudi kijijini nimevimba kichwa. Sikujua kwamba kilemba nilichovishwa ni cha ukoka.

Mwaka uliofuata nilijifungua. Likizo ya uzazi niliimalizia Kitaya, kwa wakwe zangu, kule mtoni, ambako habari za Mpapura zilinifikia kwa kuchelewa au hazikufika kabisa. Arobaini ilipokwisha nikakaa tena kidogo, mtoto akakaza shingo, ndipo nikarudi. Gari lilinishusha barabarani, nikashika njia ya kijijini na mtoto mgongoni. Adhuhuri ikaadhiniwa nikiwa njiani. Sauti niliijua, ila pumzi sikuijua. Ilitoka vipande vipande. Katikati ya shahada ikasita kwa muda mrefu, nikajikuta nami nimebana pumzi barabarani, nikimsubiri.

Nilimkuta amekaa kwenye mlango wa msikiti, mabega yamepanda juu, akivuta hewa kwa mdomo. Kope zake zilikuwa za njano.

“Shikamoo mjomba. Umerudia mashine?”

“Marahaba.” Akapumzika. “Nimerudia.”

“Si tulikubaliana?”

“Tulikubaliana kwa maneno yako ya kwanza. Si umeandika mengine.”

Nilidhani homa imempanda kichwani. Alinieleza kwa vipande, akivuta hewa kati ya neno na neno. Alikwenda Chikongola kumtembelea binti yake, akapata mafua yakashuka kifuani. Binti akampeleka zahanati ya hapo mjini, na tabibu, kijana mwenye adabu, akafungua kitabu kipya kabisa, akamtibu kwa kufuata kitabu. Mjomba, kama kawaida yake, akauliza kitabu hicho kimepokewa kwa nani. Tabibu akafungua ukurasa wa majina akaanza kumsomea. Alipofika kwenye jina langu, mjomba alimwambia asimame hapohapo.

“Nikamwambia huyo ni nwanangu, sina haja ya wengine,” mjomba alisema. “Kitabu kikasema ninywe dawa, nikimaliza niendelee na kazi zangu za kawaida. Kazi yangu ya kawaida ni ipi? Nkorosho. Nikajua umechunguza tena ukaona salfa haina neno. Neno la baadaye hufuta la kwanza, hata madrasa walitufundisha hivyo.”

Nilimwambia sikuandika kitu. Alinitazama kwa mshangao, na nyuma ya mshangao niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona akinitazama mimi. Alikuwa ananipima. “Ntu hawekwi kwenye sanadi bila kusema,” akasema.

Boksi la vitabu lilikuwa zahanati kwangu, chini ya meza ya chanjo, halijafunguliwa. Nililikata kwa wembe. Kitabu kilikuwa kizuri, jalada gumu, picha ya mama na mtoto, na jina la mwalimu wangu chini yake. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa kikohozi nikausoma nimesimama, mtoto akilia mgongoni. Salfa haikuwepo, wala vumbi, wala korosho. Ukurasa ulisema pumu ya kweli huanza utotoni, na mtu mzima anayeanza kubanwa kifua atibiwe kama mwenye maambukizi, kwa antibayotiki, na isipomsaidia arudie nyingine. Halafu ulimtaka mganga aulize kama mgonjwa anafanya kazi kwenye machimbo, au ya kukata manyoya ya kondoo.

Nilirudia kuusoma. Manyoya ya kondoo. Mtwara nzima, mtu anayejua kondoo ananyolewa wapi ningemtafuta kwa tochi. Kondoo wetu wenyewe hawana manyoya ya kukatwa, wana nywele kama mbuzi na aibu kama watu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kitabu kiliandikwa mahali pengine, kwa vifua vingine, na kwetu kilibadilishiwa jalada. Na mwisho wa ukurasa ilikaa ile sentensi fupi isiyo na hatia: mgonjwa aendelee na kazi zake za kawaida.

Jina langu nililikuta nyuma, chini ya maneno yaliyosema kwamba wafuatao walishiriki kuandaa mwongozo huu na kuuafiki. Herufi zote zilikuwa sahihi. Hata cheo changu hawakukikosea.

Nilimpa mjomba aminofilini, nikampokonya mashine mbele ya wanawe, na keshokutwa yake nikapanda gari la Mtwara. Njia nzima nilimtafutia mwalimu wangu udhuru. Wameiba jina lake kama walivyoiba langu, nilijiambia. Au wachapaji wamekosea, na ukurasa wa salfa umebaki kwenye sakafu ya kiwanda.

Alinipokea vizuri. Aliagiza chai, akauliza habari za mtoto, akasema nimenenepa. Niliweka kitabu mezani nimekifungua pale kwenye kondoo. Alisoma, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekutwa na shati lililotoka nje.

“Hili lilitupita,” akasema. “Muda wa mradi ulikuwa unakwisha, binti. Tulichukua cha wenzetu, kizuri tu, tukakitafsiri.”

“Na salfa?”

“Salfa haina ushahidi. Maneno ya mganga mmoja wa zahanati moja si ushahidi. Hilo nilikufundisha mwenyewe.”

“Kweli ulinifundisha. Na kondoo wana ushahidi gani hapa?”

Alisogeza kikombe.

“Mimi sikuafiki kitu, Mwalimu. Nilisaini mahudhurio.”

“Tulihitaji majina ya vijijini,” alisema, kwa ile sauti yake ya chini niliyoipenda miaka yote. “Wafadhili wanataka kuona kitabu kimetoka chini kwenda juu. Kukuweka humo ni heshima. Wangapi wa daraja lako wamo kitabuni?”

Nimesalitiwa na watu wengine maishani, na mmoja wao nilizaa naye, lakini hakuna aliyenichoma kama yule aliyenimiminia chai siku ile. Mjinga asiyejua kitabu kinavyotakiwa kuandikwa ningemsamehe njiani kabla sijafika stendi. Huyu alijua. Maswali yote niliyotakiwa kuyauliza kuhusu kile kitabu alinipa yeye, na majibu aliyafahamu kabla hakijachapwa, kwa hiyo alitafuta kitu cha kuyaziba, akaniona mimi. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimeivaa nguo hiyo kwa fahari, na kipimo chake kikining’inia shingoni.

Nilimwambia aliondoe jina langu. Alisema kitabu kimekwisha chapwa, ningoje toleo lijalo. Nilivua kile kipimo chake nikakiweka juu ya kitabu, nikaondoka. Nusu ya njia nikajuta, kwa sababu zahanati haikuwa na kingine, na ilinibidi kuandika barua ya kuomba kipimo kipya, kilichokuja baada ya mvua mbili.

Nyumbani nilimweleza mjomba yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si desturi yake. Nilipomaliza alisema nguo ya kuazima haisitiri matako, tukacheka wote wawili, na kicheko kikamgeukia kikohozi kirefu mpaka mama akaja kumshika mgongo. Baadaye akauliza, kama anayeuliza bei ya kitu, kama pumzi itarudi. Nilimwambia itarudi. Safari ile haikurudi. Kuna kifua kinachosamehe mara moja tu, na chake alikuwa amekwisha kukisamehesha.

Kijiji kikachanga, kikanunua kipaza sauti. Walikifunga kwa heshima, wakamwomba yeye ndiye aadhini wa kwanza. Aliadhini. Kipaza kiliitoa kila pumzi aliyoivuta kati ya neno na neno, kwa sauti kubwa, mpaka mashambani. Baada ya hapo alikaa barazani na wengine wakaadhini, na alikuwa akiwasahihisha kwa midomo, bila sauti.

Miaka ilipita, tukaingia karne mpya. Wageni wengine wakaja kwa mradi mwingine, wakapima vumbi, wakawapulizisha watu kwenye vibomba vya kupimia pumzi, wakanihoji kutwa nzima nikawaeleza kila kitu, maana wagonjwa walikuwa bado benchini na hasira yangu haikuwafungua vifua. Kisha toleo jipya la mwongozo likatoka. Nililifungua siku hiyohiyo lilipofika. Kondoo walikuwa wameondoka. Salfa ilipewa nusu ukurasa, na maneno yalikuwa yale yale niliyoyasema nimevaa gauni la Idi: miluzi bila homa, makohozi safi, mgonjwa asirudishwe kwenye vumbi. Jina la mwalimu wangu lilikuwa juu ya yote. Langu waliliondoa. Katika maombi yote niliyowahi kuyapeleka kwa wakubwa, hilo ndilo lililotekelezwa kikamilifu.

Nilikipeleka kitabu kwa mjomba. Siku hizo alikuwa analala ameketi, na maneno aliyatoa kwa uchache. Nilimsomea nusu ukurasa wa salfa. Alitikisa kichwa kwa kila sentensi, na mwishoni akanigonga goti kwa vidole viwili.

“Hilo ndilo neno lako,” akasema. “Sasa nisomee waliolipokea.”

Nilitaka kukifunga kitabu. Akaning’ang’ania kwa macho, nikasoma. Majina yalikuwa mengi, ya mjini na ya nje, na mengine yalinishinda kuyatamka. Alisikiliza amefumba macho, kifua kikipanda na kushuka. Nikafika mwisho. Yeye alikuwa bado anasubiri.

“Umejiruka,” akasema.

“Sikujiruka, mjomba.”

“Umejiruka. Soma tena, pole pole.”

Nikarudi mwanzo wa ukurasa, nikaanza tena na jina la mwalimu wangu.